Wajumbe, majimbo na magavana: barua zenu kuhusu somo la serikali ya Marekani

Mada ya mwisho katika silabasi ya Historia na Serikali ya kidato cha nne, ile inayohusu namna Uingereza, Marekani na India zinavyochagua viongozi na kuendesha serikali zao, hufundishwa wakati mitihani ya majaribio imekwisha kuanza na mwalimu anakimbizana na kalenda. Nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi katika shule za Nyanza na Magharibi, na naona kwamba sehemu ya Marekani ndiyo wanafunzi wanayoikariri sana na kuielewa kidogo. Barua nne za mwezi huu zimegusa mahali hasa ambapo kukariri hushindwa, kwa hiyo nimezijibu kwa urefu uliostahili kila moja.

Mpendwa Mwalimu, pokea salamu zangu. Tumefundishwa kwamba mwaka 2016 Hillary Clinton alipigiwa kura nyingi kuliko Donald Trump, lakini aliyeapishwa ni Trump. Maelezo yangu yanasema sababu ni "chuo cha uchaguzi". Nimekariri kwamba kuna watu 538 na mshindi anahitaji 270, lakini sijui chuo hicho kiko wapi wala kilipata wapi uwezo wa kuwapinga wananchi. Nikiulizwa katika mtihani nitaandika nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kisumu*

Mwanangu, umefanya vyema kukataa kuridhika na nambari mbili usizojua zimetoka wapi. Neno "chuo" ndilo lililokupoteza. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hivyo lilikuwa na maana ya kundi la watu waliokabidhiwa kazi moja, wala halihusiani na shule au jengo lolote. Lifute katika daftari lako na uandike "wajumbe wa uchaguzi". Wajumbe hao hawakutani wote mahali pamoja hata siku moja. Wananchi hupiga kura Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba; mwezi wa Desemba wajumbe wa kila jimbo hukutana katika jimbo lao na kupiga kura zao; kisha kura hizo hupelekwa Washington, ambako mabunge yote mawili huzihesabu tarehe 6 Januari, na mshindi huapishwa tarehe 20 mwezi huohuo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kila jimbo hupewa wajumbe sawa na jumla ya wabunge wake katika mabunge hayo mawili. Seneti ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo katika majimbo 50, na Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435 wanaogawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Ukijumlisha unapata 535. Mji mkuu wa Washington hauko ndani ya jimbo lolote, lakini marekebisho ya 23 ya katiba, ya mwaka 1961, yaliwapa wakazi wake wajumbe 3, na hapo ndipo ilipotoka 538. Nusu ya 538 ni 269, basi mwenye 270 amepita nusu. Aliyeielewa hesabu hii haisahau hata akiamshwa usiku wa manane.

Linalobaki ni fumbo la aliyepata kura nyingi kushindwa, na ili kulifumbua huwa nawarudisha wanafunzi bwenini. Tuseme shule yenu ina mabweni matatu, kila moja lina wanafunzi 60, na kiongozi wa wanafunzi anachaguliwa kwa sharti kwamba anayeongoza katika bweni huchukua bweni zima. Mgombea wa kwanza anapata kura 31 kwa 29 katika bweni la kwanza, 31 kwa 29 katika la pili, na katika la tatu anapata 5 tu huku mwenzake akipata 55. Mabweni mawili ni yake, kwa hiyo ameshinda, ingawa ukihesabu kura zote ana 67 na mwenzake ana 113. Huo ndio utaratibu unaofuatwa na majimbo 48 kati ya 50. Maine na Nebraska pekee ndiyo hugawanya wajumbe wao. Clinton alimzidi Trump kwa kura zinazokaribia milioni 2.9, lakini nyingi za ziada hiyo zilikuwa katika majimbo aliyokuwa ameshayapata, kama California, na kura ya ziada katika bweni ulilolishinda haikusaidii katika bweni jingine. Mwaka 2000 Al Gore naye aliongoza kwa kura za wananchi nchini kote, lakini George W. Bush akatangazwa mshindi wa Florida kwa tofauti ya kura 537, na wajumbe 25 wa jimbo hilo wakampa urais.

Kwa nini watu walikubali utaratibu kama huu? Wawakilishi wa majimbo waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba walibishana sana kuhusu njia ya kumpata rais. Wako waliotaka achaguliwe na Bunge, wengine wakahofia kwamba angekuwa mtumishi wa hao waliomchagua. Wako waliotaka apigiwe kura na wananchi moja kwa moja, lakini majimbo madogo yakaogopa kumezwa, na majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa wengi wasioruhusiwa kupiga kura. Kwa kuwa watumwa walihesabiwa kwa kiwango cha watatu katika kila watano wakati wa kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na viti ndivyo vilivyoamua idadi ya wajumbe, majimbo ya watumwa yalipata uzito katika uchaguzi wa rais kwa migongo ya watu walionyimwa uhuru. Vitabu vingi vya marudio hulipita jambo hili, na naona vinamnyima mwanafunzi ukweli ambao angeuelewa mara moja. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini mfumo wa wajumbe ulibaki, na mpaka leo jimbo dogo lina uzito kupita idadi ya watu wake: Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina wajumbe 3, na California, yenye watu karibu milioni 39, ina wajumbe 54. Gawanya mwenyewe utaona kwamba mjumbe mmoja wa California anawakilisha watu zaidi ya mara tatu ya wale wa mjumbe wa Wyoming.

Kabla hujawashangaa Wamarekani, fungua Ibara ya 138 ya Katiba yetu. Mgombea wa urais wa Kenya hatangazwi mshindi kwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote pekee. Lazima apate pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 au zaidi kati ya 47. Sisi pia tuliogopa rais wa upande mmoja wa nchi. Tofauti ni kwamba kwetu sharti la kaunti linaongezwa juu ya wingi wa kura na haliwezi kuchukua nafasi yake. Asipopatikana wa kutimiza yote mawili, tunarudi kupiga kura ndani ya siku 30. Kwao, asipopatikana mwenye wajumbe 270, Baraza la Wawakilishi ndilo linaloamua, na kila jimbo, liwe kubwa au dogo, linakuwa na kura moja. Ilitokea hivyo baada ya uchaguzi wa 1824, Baraza likamchagua John Quincy Adams ilhali Andrew Jackson ndiye aliyeongoza kwa kura za wananchi na za wajumbe pia.

Katika mtihani andika kwa kufuata mwendo wa mambo: vyama kuteua wagombea kwa kura za mchujo na mikutano mikuu, kampeni, kura ya Novemba, wajumbe kupiga kura Desemba, kuhesabiwa Januari, kuapishwa. Ukifuata mwendo huo hoja moja itaikumbusha nyingine. Wanafunzi wanaopoteza alama kwenye swali hili mara nyingi wanazijua hoja zote, lakini huzichanganya, wakamwapisha rais kabla wajumbe hawajapiga kura.

Mhariri, binti yangu yuko kidato cha nne. Anaweza kutaja sifa za mgombea urais wa Marekani bila kukosea, lakini nilipomuuliza kazi ya Seneti yetu alisita. Je, si afadhali muda huo utumiwe kumfundisha Katiba ya nchi yake?
*Mama wa watoto watatu, Nakuru*

Mama, malalamiko yako yana msingi, na kama ningelazimika kuchagua, ningechagua kama wewe. Lakini hatulazimiki. Wewe na mimi tulikulia katika Kenya ambayo mawaziri walikuwa wabunge. Waziri alitoka ofisini, akaenda Bungeni, akajibu maswali, akapiga kura, na wikendi akarudi kwa wapigakura wake. Tuliurithi utaratibu huo kwa Waingereza, pamoja na cheo cha waziri mkuu alichokuwa nacho Jomo Kenyatta mwaka 1963 kabla ya kuwa rais Desemba 1964. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 iliuondoa. Ibara ya 152 inasema waziri asiwe mbunge, na mtu aliyeteuliwa na rais kuwa waziri huhojiwa kwanza na kuidhinishwa. Njia hiyo ndiyo iliyotumika Marekani tangu 1789. Kwa hiyo binti yako anaposoma kwamba mawaziri wa Marekani hawakai Bungeni, anasoma kuhusu nchi ambayo sisi tuliangalia mpango wake tulipokuwa tukijenga wetu, na mpango huo tukaubadilisha mahali pengi.

Mabadiliko hayo ndiyo ningependa muyazungumze mezani baada ya chakula cha jioni. Mwulize ni nani anayeidhinisha mawaziri kule, na nani anayewaidhinisha hapa. Kule ni Seneti. Hapa ni Bunge la Taifa. Akilijua hilo ataanza kuiona tofauti kubwa iliyopo kati ya seneti hizi mbili zenye jina moja: ya Marekani hupitia kila mswada, mikataba na nchi za nje na uteuzi wa majaji, wakati yetu iliundwa kulinda kaunti na serikali zake, na miswada inayoishughulikia ni ile inayohusu kaunti. Mwulize kuhusu Mahakama ya Juu pia. Yao ina majaji tisa wanaokaa maisha yao yote kama hawakustaafu wenyewe au kuondolewa. Yetu ina saba, na mwisho wao ni miaka 70. Lipo jambo jingine ambalo huwavutia sana wanafunzi wangu. Katiba ya Marekani haina sentensi hata moja inayosema waziwazi kwamba mahakama inaweza kubatilisha sheria iliyotungwa na Bunge. Mahakama yenyewe ndiyo iliyoamua mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, kwamba ina uwezo huo. Walioandika Katiba yetu zaidi ya miaka 200 baadaye hawakutaka jambo kama hilo libahatishwe, wakaliandika wazi katika Ibara ya 165, na Ibara ya 140 ikaipa Mahakama ya Juu kesi za kupinga uchaguzi wa rais. Tarehe 1 Septemba 2017 nchi nzima iliona Mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikibatilisha matokeo ya urais.

Binti aliyesoma hivi, akiziweka katiba mbili kando kwa kando katika ukurasa mmoja wa daftari, hatasita tena ukimuuliza kazi ya Seneti yetu.

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Kakamega. Kila mwaka wanafunzi wangu huandika kwamba jimbo la Marekani ni sawa na kaunti ya Kenya, kwa kuwa yote yana gavana. Nikitumia neno "majimbo" darasani, wengine huniambia kwamba nyumbani wazee hawalipendi neno hilo. Wewe hufanyaje?
*Mwalimu wa Historia, Kakamega*

Mwalimu mwenzangu, nimefurahi kwamba umeuliza mambo haya mawili pamoja, kwa sababu nimegundua kwamba la kwanza haliwezi kufundishwa vizuri kama la pili limefichwa.

Neno lenyewe lina historia hapa kwetu. Kabla ya uhuru, chama cha KADU, kilichokuwa na viongozi kama Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Masinde Muliro wa huku kwetu, kilidai majimbo ili jamii ndogo zisimezwe na kubwa, nacho KANU kikataka serikali moja yenye nguvu. Katiba ya 1963 ikatoa majimbo saba yenye mabunge yake, na Seneti juu yake. Haikudumu. KADU kilijivunja Novemba 1964, majimbo yakageuzwa mikoa iliyoongozwa kutoka Nairobi, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge jingine. Katika miaka ya 1990 neno hilohilo lilirudi majukwaani pamoja na mapigano yaliyowafukuza watu makwao katika Bonde la Ufa na Magharibi. Mzee anayekunja uso akilisikia hakatai somo lako, anakumbuka. Mimi huwaeleza wanafunzi historia hiyo kwa dakika kumi kabla sijaitaja Marekani, na huwaambia kwamba kule neno hili lina maana ya kawaida isiyomtisha mtu. Kwa wale wenye vitabu kutoka Tanzania ongeza kwamba huko "jimbo" huwa ni eneo bunge, wasije wakachanganyikiwa mara ya pili.

Ukishasafisha uwanja, tofauti ya jimbo na kaunti hufundishika. Anza na swali la ni nani alitangulia. Majimbo 13 ya mwanzo ya Marekani yalikuwapo kabla ya serikali ya shirikisho. Ndiyo yaliyoiunda na kuikabidhi baadhi ya mamlaka, na marekebisho ya 10 ya mwaka 1791 yanasema kwamba yale ambayo serikali ya shirikisho haikupewa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwetu mwelekeo ni kinyume. Katiba moja ya nchi nzima ndiyo iliyoziunda kaunti 47 na kuzipa kazi zilizoorodheshwa katika Jedwali la Nne, kama vile hospitali za kaunti, kilimo, masoko na shule za chekechea. Ndiyo maana tunasema tuna ugatuzi, hatusemi tuna shirikisho.

Kisha wapeleke kwenye mambo wanayoyaona kwa macho. Waulize kama Kakamega ina mahakama yake inayofuata sheria za Kakamega. Haina, mahakama iliyopo mjini ni ya taifa. Jimbo la Marekani lina katiba yake, bunge lake, mahakama yake kuu kabisa na sheria zake za jinai, na ndiyo sababu muuaji anaweza kuhukumiwa kifo katika jimbo moja, na ng'ambo ya mpaka, katika jimbo jirani, adhabu hiyo haipo kabisa. Waulize polisi wanaowaona barabarani wako chini ya nani. Waulize kodi ya mapato ya mwalimu wao inaenda wapi. Kaunti yetu inaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, ya burudani, na ada za huduma kama zile za sokoni, lakini sehemu kubwa ya fedha zake inatoka kwenye mgao wa taifa, ambao Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato. Majimbo mengi ya Marekani hutoza kodi ya mapato yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kumwondoa gavana, kwa sababu wanafunzi wetu wameufuatilia mara nyingi kwenye taarifa ya habari. Hapa bunge la kaunti hupitisha hoja, halafu mashtaka yanasikizwa Nairobi na Seneti. Kule gavana hushtakiwa na kuhukumiwa ndani ya jimbo lake, na Seneti ya Washington haina neno. Vilevile Ibara ya 192 inamruhusu rais wetu, kwa masharti magumu, kusimamisha serikali ya kaunti. Rais wa Marekani hana uwezo wa kusimamisha serikali ya jimbo lolote. Mwanafunzi akiyashika hayo mawili amezielewa nchi zote mbili kuliko aliyekariri ukurasa mzima.

Usisahau kuwaambia kwamba Marekani pia ina kaunti, zaidi ya 3,000, zilizo chini ya majimbo, na kwamba huko ndiko kura za rais huhesabiwa. Hawana tume moja ya taifa kama IEBC inayoendesha uchaguzi nchi nzima. Wanafunzi hushangaa sana wakisikia hivyo, na mjadala unaofuata ni mzuri mno, uachie nafasi.

Mwalimu, babu yangu anasema Obama anaweza kugombea tena. Pia tunabishana: je, angezaliwa Kogelo angeruhusiwa kuwa rais?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Siaya*

Mpe babu heshima zangu, lakini Obama hawezi. Marekebisho ya 22, yaliyoidhinishwa mwaka 1951, hayaruhusu mtu kuchaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili, na Barack Obama alichaguliwa 2008 na 2012. Yaliletwa baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne.

Kuhusu mahali pa kuzaliwa, Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1961, miaka miwili baada ya Hawaii kuwa jimbo, kwa hiyo kwake swali halikuwapo. Katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa, mwenye umri wa angalau miaka 35, aliyeishi Marekani miaka 14. Haisemi kwamba lazima awe amezaliwa juu ya ardhi ya Marekani, na wengi wanaoisoma sheria hiyo huona kwamba anayepata uraia tangu siku anapozaliwa, kupitia kwa mzazi, anatimiza sharti. John McCain, aliyeshindana na Obama mwaka 2008, alizaliwa katika eneo la Mfereji wa Panama, wazazi wake wakiwa Wamarekani, na bado aligombea hadi mwisho. Basi mkifika kidato cha nne, andikeni "raia wa kuzaliwa", msiandike "aliyezaliwa Marekani".